Usiache Mbachao: Mwongozo wa Kuwafundisha Wanafunzi wa Lamu Kutumia Vitu Tena na Kupunguza Taka

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa gredi ya nne hadi ya sita katika shule za kisiwa cha Lamu na visiwa jirani, ingawa mwalimu wa Malindi naye atakuta mengi yanayomfaa. Unahitaji muhula mmoja, kipindi kimoja kwa wiki, na vifaa ambavyo vingi vyavyo vimo tayari katika pipa la taka la shule. Nimeufuata kwa miaka kadhaa, na mwaka wa kwanza niliukosea. Nalieleza kosa lile mwanzoni ili asije mwingine akalirudia.

Mwaka ule tulikusanya chupa za plastiki, tukazikata, tukazipaka rangi na kuzitundika kwenye ukuta wa darasa zikiwa na maua ndani yake. Wageni walipiga picha na kutusifu. Baada ya miezi michache ya jua plastiki ilikauka na kuanza kumeguka, upepo wa kusi ukavipeperusha vipande hadi uani, na watoto walewale walioikata chupa moja wakawa wanaokota mchangani vipande visivyohesabika vya chupa hiyo hiyo. Tulikuwa tumezihamisha taka kutoka pipani hadi ukutani, kisha tukazirudisha chini zikiwa mbaya zaidi kuliko tulivyozikuta. Tangu hapo nina kipimo kimoja ambacho wanafunzi wangu wanakijua kwa moyo: kitu kimetumika tena pale tu kinapofanya kazi ambayo, kisingekuwapo, tungelazimika kununua kitu kingine kuifanya. Kila hatua iliyomo humu imepitishwa katika kipimo hicho.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa kwa kulaliwa, na msala ni ule mzuri wa kuswalia unaopitishwa mbele yako na ambao si wako. Watoto wengi wa Lamu wanaijua methali hii lakini hawajawahi kuuona mbacha wenyewe, kwa hiyo anza kwa kuuleta darasani kama bado unapatikana nyumbani kwako au kwa jirani.

Hatua ya kwanza: kuzihesabu taka za shule kwa siku tano

Usianze na nadharia. Tandika turubai kivulini, au magunia mawili yaliyofumuliwa na kuunganishwa, na kila siku baada ya mapumziko ya saa nne kundi la wanafunzi sita limwage pipa la shule juu yake. Mwalimu atangulie peke yake kuondoa vioo, nyembe, sindano, betri na masalio ya dawa, kwa sababu mtoto hapaswi kuvigusa vitu hivyo hata akiwa amevaa glavu. Pasipokuwa na glavu za kutosha, vijiti viwili virefu vinavyotumika kama koleo vinatosha kwa kazi hii, na baadaye kila mmoja anawe mikono kwa sabuni.

Gawanyeni taka katika mafungu matano: zinazooza, karatasi, plastiki, vyuma na mikebe, na mwisho vitambaa pamoja na ndara. Mgawanyo mkubwa kuliko yote ni ule wa zinazooza na zisizooza, na huo umo katika sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka, inayoziwajibisha taasisi zote, za umma na za binafsi, kuzitenganisha aina hizo mbili pale pale zinapozalishwa. Ni vyema wanafunzi walijue hilo, kwani hulifanya pipa la pili kuwa haki ya kudai kwa mwalimu mkuu badala ya kuwa ombi.

Kila fungu lipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, ambayo wauza samaki hawakatai kuiazima kwa nusu saa ikirudishwa safi. Plastiki ni nyepesi na huidanganya mizani, kwa hiyo pamoja na kuipima ihesabuni vipande. Andikeni yote kwenye karatasi kubwa ukutani, siku kwa siku, na hesabu zifanywe na wanafunzi wenyewe. Kwetu fungu zito kuliko yote lilikuwa la maganda na makombo, na lenye vipande vingi kuliko yote lilikuwa la vifuko vya mabuyu na vya barafu ya ukwaju. Matokeo hayo mawili ndiyo yaliyotuelekeza pa kutia nguvu, na shule yako huenda ikaelekezwa kwingine. Fuata karatasi yako, usifuate yangu.

Siku ya tatu ya hesabu yetu punda mmoja aliingia kwenye mwanya wa ua, akakishika mdomoni kifuko cha mabuyu kilichokuwa bado na sukari pembeni, akaanza kukitafuna taratibu kama anayetafuna nyasi. Mwanafunzi aliyekuwa karibu alikivuta, kikatoka nusu. Nusu ya pili ilikuwa imekwisha kumezwa. Watoto waliuliza itakwenda wapi, nami nikawaeleza kwamba plastiki haisagiki tumboni mwa mnyama, kwamba hukusanyika na kufunga utumbo, na kwamba punda wa mji huu hufa kwa maumivu hayo. Katika mji ambao saruji, maji na mizigo ya soko hupita vichochoroni juu ya migongo ya punda, hakuna mtoto asiyeelewa maana yake. Baharini kasa hupatwa na jambo kama hilo, kwani mfuko unaoelea majini humdanganya akaudhani yavuyavu.

Hatua ya pili: swali la kupeleka nyumbani

Wape wanafunzi swali moja waende nalo kwa bibi, babu au mzee yeyote wa mtaani: ni kitu gani nyumbani ambacho, kabla hakijawa hivi kilivyo, kilikuwa kitu kingine? Waandike majibu matatu, na wanaoweza wavilete vitu vyenyewe.

Mezani kwetu vilikuja upawa na kata za kifuu cha nazi, kibatari kilichotengenezwa kwa mkebe wa maziwa, kamba ya makumbi, jiko la mkaa lililofuliwa kutokana na debe, na fagio la chelewa ambalo zamani lilikuwa jani bichi juu ya mnazi. Mtoto mmoja alileta kipande cha leso na kueleza maisha yake kama alivyoambiwa na nyanya yake: mwanzo ilikuwa ya kutokea, rangi ilipofifia ikawa ya nyumbani, kisha ikawa mbeleko ya mjomba wake, kisha ikachanwa nepi, na sasa ni tambara la kushikia sufuria. Nilimwomba aichore safari hiyo ubaoni kwa mishale, kisha nikamwomba mwenziwe achore safari ya kifuko cha mabuyu. Safari ya kifuko ilikuwa na mshale mmoja. Sikuongeza neno, maana darasa lilikwisha kuona.

Ikiwezekana, mwalike fundi wa ukili, yaani ule ukanda wa miyaa uliosukwa ambao hushonwa ukawa mkeka. Matondoni na Kipungani wako akina mama wanaofuma mikeka na vikapu kwa miyaa tangu utoto wao, na jambo la kumwomba mgeni wako si kufuma mkeka mpya, kazi inayochukua siku nyingi, bali kuutia kiraka ule mkuukuu. Bibi aliyekuja kwetu aliuweka mbacha mapajani, akaufumua mshono wa ukili mmoja tu uliooza, akautoa mzima kama anayetoa uzi katika nguo, akapitisha mahali pake ukili mpya aliokuja nao na kuushona kwa uzi wa muwaa uliolowekwa maji. Watoto waliona kwamba mkeka ni vipande vingi vilivyounganishwa, na kwamba aliyeubuni alifikiria tangu mwanzo siku ya kuutengeneza. Hilo ni somo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa kumi. Kumbuka kumlipa mgeni wako nauli na kitu cha kumshukuru. Ujuzi wake ni kazi yake.

Hatua ya tatu: kupunguza taka langoni

Taka ambayo haikuingia shuleni haihitaji kutumiwa tena, na hatua hii ndiyo iliyopunguza taka zetu kuliko nyingine zote. Ni hatua ngumu pia, kwa sababu inamgusa mtu anayetafuta riziki yake. Vifuko vyetu vilitoka kwa mama anayeuza mabuyu na achari ya embe nje ya lango, na ingekuwa dhuluma kumfukuza au kumsema mbele ya watoto. Nilimwendea asubuhi kabla ya kengele.

“Subalkheri, mama. Nimekuja kukuomba ushauri.”

“Kheri, mwalimu. Karibu, kaa.”

Nilimweleza hesabu yetu na kumwuliza kama angeweza kuwauzia watoto watakaokuja na vyombo vyao. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu jambo ambalo sikuwa nimeliwaza: “Mwalimu, kifuko ndicho kipimo changu. Nikimtilia mtoto kwa mkono, huyu atazidishiwa na yule atapunguzwa, na mwisho wa siku hasara ni yangu.”

Alikuwa na haki. Tulichofanya ni hiki, nawe unaweza kukifuata. Wanafunzi watatu walinunua kifuko kimoja cha kila aina, wakamimina yaliyomo katika mkebe mdogo mtupu wa nyanya uliooshwa kwa maji ya moto na kupigwapigwa ukingo wake hadi ukalala usikate mkono, wakapiga mstari kwa msumari pale mabuyu yalipofikia, na mstari mwingine kwa achari. Mkebe ule ukawa kipimo cha yule mama. Alikubali kuwapunguzia shilingi wanaokuja na chombo, kwa kuwa vifuko navyo alikuwa akivinunua, na siku ya kwanza walikuja wanafunzi kumi hivi na vikombe vyao. Kufikia mwezi wa pili ilikuwa aibu kwa mtoto kuja bila kikombe, na aibu hiyo waliizua wenyewe.

Vikombe hivyo viwe vyenye kifuniko na viandikwe majina. Mkebe uliotiwa rangi, dawa ya wadudu, mafuta ya taa au kemikali yoyote ya kusafishia usitiwe chakula hata ukioshwa mara saba, na chupa ya plastiki ya maji ya dukani isitiwe chai wala uji wa moto.

Hatua ya nne: daftari jipya kutokana na madaftari ya zamani

Kwa kazi ya mikono nimejaribu vingi, na daftari ndilo linalokidhi kipimo changu kuliko vyote, kwa sababu kila mzazi analinunua na kila mwisho wa mwaka linatupwa likiwa na karatasi safi ndani. Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na kila mmoja amebakiza karatasi 10. Hizo ni karatasi 400, yaani kurasa 800, na zinatosha madaftari manane ya kurasa 96 zikabaki nyingine za kuandikia majaribio. Wanafunzi waifanye hesabu hiyo wao wenyewe kabla ya kuanza.

Daftari la dukani limekunjwa katikati na kupigwa pini, kwa hiyo karatasi ya mbele na ile ya nyuma ni kipande kimoja. Ondoa pini kwa ncha ya kijiko, usivute kwa kucha. Zile za katikati ambazo pande zote mbili ni safi ziache zikiwa zimekunjwa. Zile ambazo upande mmoja umeandikwa zikate kwenye mkunjo na uhifadhi upande ulio safi. Utapata marundo mawili, nayo hushonwa kwa njia mbili tofauti.

Rundo la zilizokunjwa hushonwa mgongoni. Pangeni karatasi 12 zikiwa ndani ya nyingine, mtoboe matundu matano kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba juu ya ubao, kisha mpitishe uzi kwa shazia, ile sindano nene, mkianzia tundu la katikati kwa ndani, mkienda juu na kurudi, mkishuka chini na kurudi, hadi ncha mbili za uzi zikutane pale zilipoanzia na kufungwa fundo. Rundo la zilizokatwa hushonwa ubavuni: lisawazisheni kwa kuligonga mezani, lishikeni kwa vibanio vya nguo, mtoboe matundu matano umbali wa sentimita moja kutoka ukingoni, na mshone kwenda na kurudi ili kila nafasi ipate uzi pande zote mbili. Uzi wa nyavu uliobaki kwa wavuvi ni imara kuliko wa dukani, hasa ukipitishwa kwanza kwenye nta au mshumaa.

Jalada ni katoni nyembamba iliyovishwa kitambaa cha leso kuukuu. Gundi ipikeni kwa sehemu moja ya unga wa ngano na sehemu nne au tano za maji, ikorogwe motoni hadi ing'ae, na itumike ikiwa vuguvugu. Baada ya kubandika, kila daftari lilazwe chini ya matofali mawili hadi siku ya pili, la sivyo jalada litajikunja. Usiharakishe jambo hili. Madaftari yetu ya awali yaliharibika hapo tu, kushona kwake kulikuwa kuzuri.

Wakati wa kushona ndio wakati wa kuwaambia watoto kwamba mababu wa visiwa hivi walishona hata vyombo vya kusafiria. Mtepe ulikuwa jahazi lililounganishwa mbao zake kwa kamba za makumbi bila misumari, na tanga lake lilikuwa jamvi la ukili. Mtoto aliyeshika shazia akilisikia hilo, mkono wake hutulia.

Hatua ya tano: mboji ya maganda na samadi ya punda

Fungu letu zito lilikuwa la maganda, na udongo wa shule zetu ni mchanga usioshika maji. Matatizo hayo mawili hutatuana. Chagueni mahali penye kivuli, mzungushe uzio wa makuti au wavu mkuukuu ili punda wasifike, na mjenge rundo lenye upana na kimo cha mita moja kila upande. Likiwa dogo zaidi halipati joto.

Tabaka la chini liwe la vijiti na majani makavu ili hewa ipite. Juu yake mtie maganda ya matunda na mboga, kisha samadi ya punda, ambayo katika mji wetu haikosekani, kisha tena majani makavu, na hivyo hivyo mpaka juu. Vifuu vya nazi msitie, kwa maana huchukua miaka kuoza na vina kazi nyingine jikoni. Mifupa na vichwa vya samaki msitie pia. Kwa hesabu ya paka wa Lamu, rundo halitasalimika usiku mmoja. Kila tabaka linyunyiziwe maji mpaka liwe na unyevu wa tambara lililokamuliwa, na kwa kuwa maji matamu hapa ni ya thamani, yatumike yale yaliyooshea mboga au mchele.

Baada ya siku chache joto la katikati huweza kupita nyuzi 50. Chomekeni fimbo ya chuma ndani, mwiache kwa dakika tano, muitoe na mumruhusu kila mtoto aikaribie kwa kiganja bila kuishika. Wengine hawaamini kwamba hakuna moto ndani. Geuzeni rundo kila baada ya wiki mbili, la nje liingie ndani, na katika muda wa miezi mitatu hivi mtapata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Ikinuka uvundo, imezidi maji au imekosa majani makavu. Tulipanda mchicha na mabamia, tukauza mafungu kwa walimu, na fedha zikanunua nta, sabuni na shazia za muhula uliofuata.

Chombo kinachosubiri kazi

Hapa pana hatari ambayo miongozo mingi haiitaji. Watoto wakishapenda jambo hili watakusanya kila kitu, na shule itajaa makopo, mitungi na magurudumu yanayongoja siku yake. Mvua ya masika ikinyesha, kila kimoja huwa kisima cha mbu. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliupiga mji wa Lamu na kuwapata watu wengi sana, na ilikuwa wakati wa ukame, si wa mvua. Mbu walizaliana katika vyombo ambavyo watu walihifadhia maji majumbani. Wazazi wa wanafunzi wako wanaweza kukumbuka maumivu yale ya viungo. Kwa hiyo wekeni kanuni: chombo chenye maji kifunikwe na kisafishwe kila wiki, chombo kitupu kiinamishwe mdomo chini au kiwe chini ya paa, na kisichopata kazi katika muda wa mwezi mmoja kiondoke shuleni.

Kanuni nyingine haina majadiliano: plastiki haichomwi, wala kwa kuwashia jiko. Moshi wake una sumu, na mtoto anayesimama upande wa chini wa upepo ndiye anayeuvuta.

Vilivyobaki

Kutakuwa na vitu ambavyo havifai kutumiwa tena kwa namna yoyote, na ni uaminifu kuwaambia wanafunzi hivyo. Mikebe na vyuma vichukuliwe na wanunuzi wa vyuma chakavu. Chupa na mitungi ya plastiki ioshwe, ikaushwe, ipondwe na kutengwa kwa aina yake, kwa kuwa mtu anayeikusanya kwa ajili ya kuyeyushwa huikataa ikiwa na mchanga na mabaki ya mafuta. Ndara zilizokatika, zile zisizoweza tena kutiwa ukanda, ziwekwe katika gunia lake.

Kwa gunia hilo la ndara pana kisa cha kwetu cha kusimulia. Fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake waliunda dau la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na vipande vya ndara vipatavyo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri mwaka 2019 kutoka Lamu hadi Zanzibar, masafa ya kilomita 500 hivi. Mbao za kawaida za jahazi ziliigwa moja moja kwa plastiki iliyoyeyushwa, taruma (mbavu za chombo), mkuku (uti wake wa chini) na vyote. Kisimulie kwa fahari, lakini eleza pia kwamba ilihitaji mashine, mafundi na miezi mingi kuifanya plastiki ikubali kazi ya mbao, na kwamba kikombe cha mabuyu kinahitaji kuoshwa tu. Wanafunzi wakubwa wanaweza kuongezewa mambo ya sheria: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa katika maeneo ya hifadhi. Waulize ni ipi iliyobaki ufuoni Shela na kwa nini.

Kuhesabu tena, na likizo

Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula rudieni hesabu ya siku tano kwa turubai lile lile na mizani ile ile, mwiandike kando ya ile ya kwanza. Pale ambapo namba haikupungua msiifiche. Kwetu karatasi za peremende hazikupungua hata kidogo, na muhula uliofuata tulianzia hapo.

Andaeni pia daftari moja, lililoshonwa na wanafunzi, la vitu vilivyotengenezwa: nani alikitengeneza, tarehe gani, kilifanya kazi gani, na siku kilipovunjika kilikwenda wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwa sababu humfanya mtoto afikirie mwisho wa kitu siku ile ile anapokianza.

Kabla ya kufunga shule, tengeni nusu siku. Vyombo vyote vya maji vimwagwe na kuinamishwa, magunia ya chupa na vyuma yaondoke, shazia na uzi vihesabiwe na kufungiwa kabatini, na rundo la mboji lifunikwe kwa jamvi kuukuu ili jua lisilikaushe. Mlinzi aombwe kulinyunyizia maji kila Ijumaa, na aonyeshwe kwa mikono yake unyevu unaotakiwa. Yule mama wa langoni naye aarifiwe tarehe ya kufungua, apate kuja na mkebe wake wa kipimo siku ya kwanza.